Kwa msimamizi mpya wa wadi: mwananchi asiondoke bila jibu

Hongera kwa kuteuliwa. Barua yako ya kazi inataja uratibu wa huduma, usimamizi wa shughuli za kaunti ndani ya wadi na ushirikishaji wa wananchi, kwa kuwa ndivyo inavyosema Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Lakini barua hiyo haitakuandaa kwa Jumatatu ya kwanza, utakapofungua ofisi na kukuta watu wamejaa kwenye benchi. Mmoja anataka kitambulisho cha mwanawe. Mwingine ng'ombe wake wanakufa. Wa tatu analalamika kuwa mwalimu haji darasani. Wa nne hasemi neno, anakunyoshea tu karatasi ya dawa aliyoandikiwa kwenye zahanati kisha akaambiwa akanunue mwenyewe.

Kazi hii nimeifanya bara ya Kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya, upande wa Kinango, ambako vijiji vimetengana na nauli ya bodaboda inaweza kumaliza pesa ya unga. Mtu aliyefika ofisini kwako ameshalipia safari hiyo. Ndiyo maana nakuomba uache kabisa kumwambia mtu "hiyo si kazi ya kaunti" ukanyamaza hapo. Pengine kweli si ya kaunti. Basi mwambie ni ya nani, ofisi iko wapi, aende siku gani na abebe nini. Ikiwezekana piga simu akiwa bado amekaa mbele yako, ajue kama mhusika yupo.

Kwa hiyo anza kwa kulijua Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, kama unavyojua njia ya kwenu. Kaunti ina zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti na ambulensi. Ina kilimo na mifugo, barabara za kaunti, masoko na leseni za biashara, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, maji na usafi, zimamoto na kukabiliana na majanga. Serikali ya kitaifa imebaki na polisi, vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na vya kifo, shule za msingi na sekondari, na barabara kuu. Mtoto aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kupitia naibu wa chifu, si kwako.

Ukienda mashinani utaona mipaka hii haina ukuta. Ingia shule yoyote ya msingi wadini mwako. Darasa la chekechea liko ndani ya ua uleule, watoto wanapita lango lilelile, wanaimba kwenye gwaride moja asubuhi. Lakini mwalimu wa chekechea ameajiriwa na kaunti, na wale wa madarasa ya juu wameajiriwa na TSC, tume ya kitaifa ya walimu. Darasa jipya la msingi huenda limejengwa kwa fedha za NG-CDF, mfuko wa serikali ya kitaifa wa maendeleo ya eneo bunge, na choo cha chekechea kikawa cha kaunti. Mzazi anayekuambia "mwalimu haji" haoni serikali mbili pale, anaona shule moja. Muulize kwanza ni darasa gani. Swali hilo fupi litakuepusha kumtuma asikotakiwa. Barabara ni hivyohivyo: keti na afisa wa barabara wa kaunti ndogo, mpitie kila njia ya wadi, ujue ipi ni ya kaunti na ipi iko chini ya mamlaka za kitaifa, yaani KeRRA ya barabara za vijijini au KeNHA ya barabara kuu. Mvua ikikata daraja usiku hutakuwa na nafasi ya kuuliza.

Chifu mheshimu. Yeye ni mtumishi wa serikali ya kitaifa na wewe wa kaunti, hakuna aliye bosi wa mwenzake, na wadi ambayo wawili hao wanavutana huduma zake hukwama. Ana wazee wa nyumba kumi, ana baraza, na anajua mjane yupi hajala. Mwakilishi wadi naye, Mheshimiwa wako, amechaguliwa na watu, kwa hiyo mpe taarifa mapema, hasa taarifa mbaya. Ila orodha ya wanaopata huduma usiikubali kwa mtu yeyote bila vigezo vilivyoandikwa na kubandikwa ukutani.

Sasa maji, maana huku kwetu maji hutangulia mambo yote. Ukame wa 2020 hadi 2022 ulitufundisha kwamba kisima kikisimama, mambo mengine nayo husimama: watoto wanaacha chekechea kwenda kuteka, akina mama wanakosa kliniki, mifugo inahamishwa na baba pamoja nayo. Na sababu moja kubwa ya kisima kukaa muda mrefu bila kutengenezwa ni barua yenyewe. Nimeona barua nyingi zilizoandika maneno mawili tu, "kisima kimeharibika". Idara ya maji inapeleka fundi wa jenereta, anafika, anakuta jenereta inanguruma vizuri na tatizo ni pampu iliyo chini. Anarudi zake. Gari limechoma mafuta, kijiji kinaendelea kunywa maji ya bwawa pamoja na mbuzi.

Barua yako iwe na mambo ambayo fundi angeuliza. Kisima kiko kijiji gani na karibu na nini. Kinaendeshwa kwa jenereta, sola au umeme. Kilisimama tarehe ngapi, na siku hiyo kilitoa dalili gani: maji yalipungua kidogo kidogo, yalitoka na mchanga, au yalikatika ghafla? Ukiwasha, mota inalia au kimya? Taa ya kisanduku cha umeme inawaka? Tangi lina maji? Kamati ya kisima ina shilingi ngapi akibani na ni nani mwenye ufunguo? Muulize mhudumu wa kisima, yeye ndiye anayekisikia kila alfajiri, na anajua sauti ya pampu yake ikiwa nzima na ikiwa mgonjwa. Piga picha ya kibao cha namba za pampu uiambatanishe. Barua ya namna hii humwezesha fundi kupakia vifaa sahihi kabla hajatoka Kwale mjini. Weka daftari la visima vyote vya wadi, hata vizima, na uandike ndani yake kila tengenezo na kila senti iliyotumika.

Soma pia taarifa ya ukame ambayo NDMA, mamlaka ya kitaifa ya kukabiliana na ukame, huitoa kila mwezi kwa kaunti kame kama yetu. Ikianza kuonyesha kuwa umbali wa kwenda majini unaongezeka, omba maboza ya maji wakati huo, kabla watu hawajaanza kukujia wakilia.

Zahanati itembelee bila kutangaza, kwa upole. Hukwenda kumkamata mtu. Mara nyingi utamkuta muuguzi mmoja anayezalisha, anachanja, anaandika madaftari na kugawa dawa. Angalia friji ya chanjo inafanya kazi, uliza dawa zipi zimekwisha na tangu lini, uliza kama simu ya ambulensi hupokelewa usiku. Yule mtu wa karatasi ya dawa ndiye aliyekuleta hapa, na jibu lake litapatikana kwenye kadi za dawa za zahanati. Kuna pia wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba, wajue kwa majina, kwa sababu wao ndio wanaofahamu mama yupi amekaribia kujifungua na yuko mbali na barabara.

Jambo ambalo wageni wengi wa kazi hii hulikosa ni kalenda ya fedha. Mwananchi akileta hitaji la daraja mwezi Mei, unaliandika kwa heshima, lakini mjue nyote wawili kwamba makadirio ya bajeti yalishafikishwa bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Mahali pake ni mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, ambao lazima ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Baadaye huja waraka wa sera ya fedha mwishoni mwa Februari. Juu ya yote kuna mpango wa miaka 5, na sheria hairuhusu fedha za umma kutengwa nje ya mipango. Mweleze mtu hivyo waziwazi. Mwanakijiji anaelewa msimu kuliko sisi, ukimwambia "mbegu hii tunaipanda Agosti" atarudi Agosti na majirani zake. Mwambie pia kwamba kupitishwa kwa bajeti si kuingia kwa pesa, kwani mgao huchelewa na kila fedha inayotoka huidhinishwa na Msimamizi wa Bajeti.

Mkutano wa kuchukua maoni usiuitishe siku ya soko, wala asubuhi ambayo akina mama wako kwenye foleni ya maji. Tangazo libandike msikitini, kanisani, kwenye kinu cha kusaga na kituo cha bodaboda, kisha wape wazee wa vijiji walitangaze kwa mdomo. Ongea Kiduruma au tafuta wa kukutafsiria. Na kabla hujauliza wanataka nini mwaka huu, wasomee walichoomba mwaka jana na hali ya kila kimoja: kimekamilika, kimekwama, hakikupata fedha. Ukiruka hatua hiyo, mkutano ujao utahutubia viti.

Kuhusu ushuru wa soko, usishike pesa taslimu mkononi mwako kamwe, hata kwa kumsaidia mkusanyaji. Katiba inataka mapato yaingie kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa pale sheria imeruhusu vingine, mfano hospitali kubaki na makusanyo yake chini ya sheria ya 2023. Mama anayeuza nyanya ana haki ya risiti na ana haki ya kuuliza kwa nini choo cha soko hakina mlango. Hilo la mlango lisikuudhi, lipeleke palipo na fundi seremala.

Mtu akikuomba nakala ya stakabadhi ya mradi, usimwone adui. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki hiyo, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeweka siku 21 za kumjibu, au saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi lake lipeleke kwa maandishi kwa afisa anayehusika siku hiyohiyo, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na mwombaji mpe tarehe ya kurudi.