Muulize Fundi: Gari ikae juu ya hewa, inawezekana?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi kuhusu suspensheni ya hewa, yaani gari kubebwa na mifuko ya hewa badala ya springi za chuma, nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, maana ukielewa hiyo zingine zinakuwa rahisi.

SWALI: Habari za kazi fundi. Niko Bombo, naendesha Mark X. Nataka kuweka ile suspensheni ya hewa ya kupandisha na kushusha kwa rimoti, nikiwa Kampala gari iko chini, nikienda kwa wazee kule Luweero ndani ndani kwenye maramu (barabara ya udongo) naipandisha. Marafiki wananiambia itaharibika ndani ya miezi miwili, alafu kuna fundi hapa ameniambia anafunga kwa siku moja tu. Nimwamini nani?

Ssebo, hapo hakuna wa kuamini. Marafiki wanaisingizia hewa, na huyo fundi wa siku moja ndiye atakayewafanya marafiki waonekane walisema kweli.

Hewa yenyewe haina ubaya. Angalia basi kubwa zinazotoka Kampala kwenda Nairobi, kuna zilizokaa juu ya mifuko ya hewa na zinabeba watu na mizigo usiku na mchana. Kwa gari ndogo kinachosumbua ni kuvuja, na huo ugonjwa ni wa zamani kabisa. Mwaka 1957 Cadillac walitoa Eldorado Brougham ikiwa na suspensheni ya hewa kutoka kiwandani, gari ya matajiri hiyo, na bado wenye nazo wengi walichoka na kuvuja wakarudisha springi za chuma. Siku hizi mpira na vavu ni bora kuliko za wakati ule, lakini hewa bado inatafuta tundu dogo kuliko yote na inalipata.

Sasa elewa unanunua nini. Unatoa springi zote nne unaweka mifuko ya mpira, nyuma kwenye buti kunakaa kompresa ya kusukuma hewa na tangi la kuihifadhi, kuna boksi la vavu la kupeleka na kutoa hewa kwenye kila gurudumu, paipu, na kompyuta ndogo inayopokea rimoti yako. Mfuko unabeba uzito kwa presha ukizidisha na eneo lake. Mfuko wenye inchi 25 za mraba ukiutia psi 40 (pauni 40 kwa kila inchi ya mraba) unabeba pauni 1000, ni kama kilo 450. Mark X ina kilo 1500 hivi, ukigawa kwa nne utaona kama hesabu imeisha, lakini bado, kwa sababu pale mbele springi imekaa kwenye mkono wa chini (chuma kinachounganisha gurudumu na bodi), haikukaa juu ya gurudumu lenyewe, kwa hiyo inabeba zaidi ya ule uzito wa kona moja ya gari. Ndio maana nakuomba nunua seti iliyotengenezwa kwa gari hiyo au ya chasisi inayofanana nayo, usikubali mtu akuchomelee brekiti za kukisia ati mfuko ni mfuko.

Alafu chagua aina ya kuongoza. Kuna ile inayosoma presha tu na kuna ile yenye sensa za urefu. Ya presha ni rahisi na bei yake ni ndogo, lakini haijui gari iko juu kiasi gani, ukipakia watu wanne nyuma inaona presha imepanda basi, kumbe gari imeshuka. Yenye sensa inapima nafasi kati ya mkono na bodi inarudisha gari pale pale. Wewe unayetoka lami kuingia maramu na familia ndani, mimi ningekuambia subiri uongeze pesa uchukue ya sensa.

Kufunga sasa. Kitu cha kwanza, kabla hata nati moja haijafunguliwa, pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa fenda, kona zote nne, andika. Hicho ndicho kimo chako cha kutembelea, bila hivyo utakuwa unakisia maisha yako yote. Mfuko ukishakaa ujaze mpaka mwisho, alafu utoe hewa yote, huku unazungusha usukani kulia na kushoto, uone kama unagusa kitu. Nataka nafasi ya kidole kizima pande zote, tairi lisiguse, paipu ya breki isivutike, waya wa ABS (ya kuzuia tairi kujifunga ukikanyaga breki) usivutike, na egzosi iwe mbali maana joto linakausha mpira. Mifuko mingi niliyoona imepasuka ilipasuka kwa kusuguliwa, presha haikuwa na kosa.

Paipu ndiyo roho ya hii kazi. Ikatwe kwa kikatio chake, mkato uwe wima na safi, sio msumeno wa chuma, maana msumeno unaacha nyuzi na mkato wa mshazari, na ile raba ndogo ndani ya kiungio haiwezi kuziba hapo. Unaisukuma mpaka igonge mwisho, unaivuta kidogo kuhakikisha. Kwenye thredi weka tepu au gundi ya thredi. Pitisha paipu mahali ambapo jiwe haliifikii, na kila inapopita kwenye tundu la bati iwe na raba. Na kila mfuko upate paipu yake mpaka kwenye vavu yake! Wako wanaounganisha kushoto na kulia kwa paipu moja kuokoa pesa, sasa ukikata kona, uzito unakandamiza upande wa nje, hewa inakimbilia upande wa ndani, gari inalala ubavu. Kwenye kona za milima ya Kabale hiyo inaweza kukumaliza.

Umeme: kompresa moja ya volti 12 inaweza kuvuta ampia 20 hivi. Usichukue umeme wa redio wala wa taa. Toa waya mnene kwenye betri, fyuzi iwe karibu na betri yenyewe, rilei (swichi inayowasha umeme mkubwa), na waya wa bodi uende kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Gari zinazoungua hapa mjini nyingi tunasikia ni "shoti", na shoti inaanza kwa waya mwembamba usio na fyuzi.

Baada ya hapo jaza, paka povu la sabuni kila kiungio, alafu andika presha ya kila kona uache gari ilale. Asubuhi soma tena. Mimi kazi hii natoa siku tatu au nne, na usiku mmoja wa hizo gari inalala tu namna hiyo bila kuguswa. Ikishinda usiku bila presha kushuka, peleka alaimenti (kunyoosha tairi) ikiwa kwenye kimo cha kutembelea, maana ukishusha gari tairi zinaegemea ndani, ukipima kwenye kimo kingine utanunua tairi kila mara.

Kuhusu Luweero, hili watu hawaambiwi: kupandisha mpaka juu kabisa ni kwa kuvuka shimo au hampu polepole, sio kwa kukimbia. Ukiwa juu kabisa shokapu imenyooka, haina nafasi ya kushuka gurudumu linapoingia shimoni, kila shimo ni kishindo na boljointi zinakufa mapema. Weka kimo cha maramu kiwe juu kidogo tu ya kile cha kawaida. Ukirudi mjini osha mifuko kwa maji ya kawaida, kokoto ndogo ikibaki kwenye mkunjo inakata mpira taratibu kila gari inapopanda na kushuka.

Na jambo moja nakuomba kama ndugu. Zamani gereji moja niliyofanya kazi, kijana aliingia chini ya gari iliyosimama kwa hewa tu, hakuna stendi. Alitoka kwenda kuchukua spana, hata hajafika kwenye boksi, kiungio kikachomoka gari ikalala chini mara moja. Mpaka leo nikikumbuka mwili unasisimka. Gari yenye hewa usiingie chini yake bila stendi za chuma, hata kwa dakika moja, hata kwa kuchungulia, na mwambie hivyo fundi yeyote unayempa hiyo gari.

SWALI: Fundi, mimi ni mama mfanyabiashara, niko Masaka. Nina Hilux nachukua matoke Mbarara. Ikijaa nyuma inakaa chini sana na watu wananiwashia taa barabarani usiku. Nimesikia kuna mifuko ya hewa ya kusaidia springi. Nikiiweka naweza kuongeza mikungu?

Mama pole na barabara. Hao wanaokuwashia taa wana sababu, nyuma ikishuka taa zako za mbele zinaangalia juu zinawapiga machoni. Mifuko ya kusaidia itakurekebishia hilo vizuri sana. Inakaa kati ya chasisi na ekseli, springi zako za chuma zinabaki pale pale, na kwa pickup hii ndiyo kazi ya hewa ninayoipenda kuliko zote kwa sababu ni rahisi na faida unaiona siku ile ile. Mingi ya aina hiyo mwisho wake ni psi 100, na hata gari ikiwa tupu usiiache bila hewa kabisa, bakiza psi 5 au zaidi mpira usijibane. Kushoto na kulia kila mmoja ujazwe peke yake. Ukishapakua mzigo punguza hewa kabla ya kurudi, la sivyo nyuma itarukaruka na kwenye mvua gari tupu inayorukaruka inateleza.

Lakini kuongeza mikungu, hapana mama. Mfuko unanyanyua gari tu. Ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, tairi na breki havijaongezeka nguvu hata kidogo. Gari itasimama vizuri machoni wewe utaona bado iko nyepesi, alafu ukifika mteremko unakanyaga breki haikamati. Uzito wa mwisho ni ule ulioandikwa na kiwanda, mifuko haiubadilishi. Tafadhali sana.

SWALI: Naishi Entebbe nina Harrier ile ya AIRS, yenye suspensheni ya hewa ya kiwandani. Asubuhi naikuta mbele kushoto imelala, nikiwasha inanguruma inapanda yenyewe. Kuna shida au niiache tu maana inapanda?

Usiiache. Inapanda kwa sababu kompresa inafanya kazi ya kuziba pengo la hewa inayovuja, na kompresa ya kiwandani haikutengenezwa kunguruma kila wakati, itaungua, na hapo utalipia vitu viwili badala ya kimoja. Pandisha gari, paka povu la sabuni kwenye mfuko wa kona hiyo, hasa pale mpira unapojikunja, na kwenye kiungio cha juu. Kama ni kiungio, bahati yako. Kama mpira una mipasuko midogo midogo kama udongo uliokauka, huo umezeeka na mwenzake wa kulia hayuko mbali. Ukienda Kisekka, soko la vipuri Kampala, kutafuta mfuko wa kutoka gari nyingine usiangalie rangi wala usafi, ukunjue ule mpira mahali unapojikunja uangalie kwa tochi, na omba ijazwe hewa mbele yako.

Kuna wanaotoa hewa yote wanaweka springi za chuma na shokapu za kawaida. Sio aibu, kwa mtu anayeendesha kila siku kwenda kazini naona ni uamuzi wa busara kabisa, ila zote nne zibadilishwe pamoja, na taa ya onyo kwenye dashibodi ishughulikiwe sawasawa, sio kutolewa globu. Ukiamua kubaki na hewa, kumbuka kabla ya kupiga jeki kubadilisha tairi, zima ile swichi ya kimo, vinginevyo gari inadhani imepanda yenyewe inaanza kujirekebisha ukiwa umeshika spana.

SWALI: Mimi ni kijana najifunza ufundi Arua. Naweza kutumia ile kompresa ndogo ya kujazia tairi kwenye suspensheni ya hewa? Na kwa nini tangi la jamaa yangu linatoa maji?

Kompresa ya tairi hapana. Ile inafanya kazi dakika chache inahitaji kupumzika, na tangi la suspensheni linataka psi 150 mpaka 200, itapata moto itakufa, tena utasubiri sana gari ipande. Tafuta iliyoandikwa kazi hiyo, yenye swichi ya presha inayoizima yenyewe tangi likijaa.

Maji ni ya kawaida, hayakutoka kwenye kosa lolote. Hewa ina unyevu, ukiikandamiza ikapoa kwenye tangi ule unyevu unageuka maji, na msimu wa mvua ndio balaa. Yakibaki humo yanakula tangi kwa ndani, alafu kutu inasafiri mpaka kwenye vavu, vavu haifungi vizuri na gari inaanza kushuka usiku bila wewe kuona povu lolote nje. Weka kichujio cha maji kati ya tangi na vavu, na ile kizibo cha chini ya tangi hakikisha kweli kiko chini, nimeona watu wamefunga tangi kichwa chini kizibo kiko juu. Mwambie jamaa yako akifungue mara moja kwa wiki mvua zikianza, presha ikiwa imepungua, kichwa chake kikiwa pembeni, mpaka itoke hewa kavu.