Banda la sungura: majibu kwa walioniuliza

Tangu nitaje hapa kwamba nina sungura wanne nyuma ya jiko, maswali hayakomi. Wengi wenu hamfugi kwa ajili ya nyama. Mtoto kanunuliwa sungura, kampa jina, na sasa mzazi anatafuta pa kumweka kabla hajamaliza kutafuna nyaya za televisheni. Haya, tuanze.

Banda langu nimelizungushia bati pande zote ili wezi wasione ndani. Ikifika saa nane mchana sungura anahema haraka haraka na masikio yana moto. Anaumwa? (Mbagala)

Haumwi, anaiva. Nakwambia kwa uchungu maana kibanda changu cha kwanza kilikuwa hivyo hivyo: bati tupu, kimeegemea ukuta unaopigwa na jua la jioni. Siku moja ya Februari nilirudi kazini saa kumi nikamkuta jike langu la kijivu amelala ubavu, pua imelowa, bakuli la maji limejaa vile vile. Magharibi haikumkuta.

Sungura hatoi jasho kama sisi. Joto analipunguza kwa masikio na kwa kuhema, basi. Kinachomfaa ni nyuzijoto 15 hadi 21 hivi; zikipita 30 anaanza kuteseka, na Dar mwezi wa pili tunazipita tukiwa kivulini, sembuse ndani ya bati.

Kwa hiyo leo hii ng'oa bati la pande mbili ndefu, weka wavu. Kisha ligeuze banda: urefu wake ulale mashariki kwa magharibi, ncha zake mbili zizibwe kwa mbao. Jua la asubuhi na la jioni litaishia kwenye mbao, na ubavuni utapita upepo. Sisi wa pwani tuna bahati hapo, kaskazi ikichoka inakuja kusi. Masika mvua ikipiga kwa ubavu, teremsha gunia upande inakotoka, ikikatika ulikunje. Ndani muwekee kisanduku chenye giza cha kujificha, kwa sababu kiumbe huyu asipokuwa na pa kujificha hapumziki. Juu ya bati funga makuti. Ukiwa na mwembe, banda liende chini yake, ila msimu wa embe ujue paa litapigwa mabomu na aliye ndani ni mwoga.

Ukimkuta anahema mdomo wazi, mtoe umpeleke kivulini na umlowanishe masikio kwa maji ya mtungi. Usimtumbukize kwenye ndoo, mshtuko unaweza kummaliza. Siku za joto kali chukua chupa ya maji iliyoganda, ifunge kitambaa, iweke ndani. Ataiegemea mwenyewe.

Fundi anasema wavu wa kuku unatosha na ni wa bei nafuu. (Morogoro)

Wavu wa kuku unamzuia kuku asitoke. Mbwa akitaka kuingia anaupasua kwa meno, na sungura mwenyewe akiamua anautafuna. Nunua ule mgumu wa matundu ya mraba, nyaya zake zimechomelewa, tundu lisizidi nusu inchi upande ambao panya, nguchiro na nyoka wanaweza kupita. Wavu ugongewe kwa ndani ya fremu, si kwa nje. Ukiugonga kwa nje, anayeuvuta anang'oa misumari. Ukiwa ndani, anavutana na mbao.

Sakafu ni suala jingine. Wavu mtupu chini unapitisha kinyesi, ni kweli, lakini sungura hana nyayo za ngozi ngumu kama mbwa, ana manyoya tu, na akikaa juu ya waya mchana kutwa anatoka vidonda visigino. Nusu ya sakafu iwe mbao. Utaona mwenyewe atakapochagua kulala.

Siafu walipita usiku wakamaliza watoto saba. Nifanyeje wasirudi? (Moshi)

Pole sana. Banda linyanyuliwe kwa miguu ya futi tatu, kila mguu usimame ndani ya kopo lenye oili chafu. Maji pia yanasaidia, ila yanakauka usiku ule ule uliosahau. Makopo yawe chini ya kivuli cha paa, mvua isije ikayajaza oili ikaelea na kumwagika. Halafu zunguka banda lote kwa macho: tawi linalogusa paa, kamba ya kuanikia nguo, unyasi mmoja ulioegemea mguu. Siafu hawahitaji daraja kubwa zaidi ya hapo.

Shikamoo mjomba. Nina miaka 14. Nataka sungura wangu acheze chini kwenye nyasi, baba anasema atachimba atoroke. Na baridi ya Juni huku kwetu je? (Iringa)

Marahaba mwanangu. Baba yuko sahihi, ingawa wengi wanashangaa kwa kuwa hawajawahi kuona sungura wa porini akichimba. Hao ni wanyama wawili tofauti, sisi ndio tumewapa jina moja. Sungura wa porini, yule mjanja wa hadithi za bibi, analala juu ya ardhi kwenye nyasi, na watoto wake wanazaliwa na manyoya, macho wazi. Huyu wa kwako asili yake ni Hispania na Ureno, ukoo wa wachimba mashimo, na watoto wake wanazaliwa uchi na vipofu. Kuchimba kuko kwenye damu.

Usimnyime nyasi. Zungushia uwanja wavu, na chini yake uukunje kwa ndani, futi moja na nusu ilale juu ya udongo. Nyasi zitaota zikaufunika. Yeye anaanza kuchimba pale pale penye ukingo, akikuta waya anaacha. Juu nako funika, mwewe hapigi hodi. Jioni arudi bandani.

Baridi isikutishe. Sungura mkavu mwenye sanduku lililojaa nyasi kavu anaimudu Iringa vizuri. Adui yake ni unyevu pamoja na upepo.

Nimchanganye na kuku? (Kisumu)

Hapana. Watamdonoa, watachafua nyasi zake, na wanaweza kumwambukiza magonjwa.

Mama mkwe anakuja na banda linanuka. Nisaidie haraka! (Tanga)

Kinachonuka zaidi ni mkojo. Chini ya sakafu ya wavu telezesha kipande cha bati kwa mshazari, mkojo uteremke kwenye dumu, kinyesi ukifagie kila asubuhi. Mkojo huo, ukichanganywa na maji mengi, ni mbolea. Huko Kenya wapo wakulima wanaoupiga kwenye mboga. Upande wa mbao nao ubadilishe matandiko mara mbili kwa wiki. Zaidi ya hapo, mpe mama mkwe mchicha wa bustani na usimweleze kila kitu.

Naweza kupaka mbao oili chafu dhidi ya mchwa? (Dodoma)

Kwenye miguu tu, kwa chini. Kila anapofikisha mdomo atapatafuna, meno yake hayaachi kuota.

Mlango uwe mkubwa kiasi gani? (Mombasa)

Mwite atakayekuwa anafagia, siyo wewe. Asimame mbele ya fremu, anyooshe mkono hadi kona ya mwisho kabisa. Asipoifikia, mwambie fundi aendelee kukata. Komeo lifungwe kwa nje na lisukumwe kwa nguvu kidogo. La kwangu lilikuwa jepesi, na paka shume wa jirani alijifunza kulifungua kabla ya watoto wangu.