Kabla hujawapandisha mabeki wako juu, soma yaliyonikuta

Mi nafundisha timu ya mtaa hapa Mtwara, madogo tu, uwanja wenyewe mchanga mtupu na kipa anadaka peku. Miaka yote tumecheza mpira wa kizee, mabeki wa kati, namba nne na tano, hawavuki nusu, mpira upite mtu abaki, na kusema ukweli tulikuwa hatufungwi ovyo.

Sasa ikaja ile Oktoba 2024, Barcelona ya Hansi Flick ikaenda Bernabéu ikampiga Real Madrid 4-0. Sisi tumejazana banda umiza jasho linatiririka, tunamwona Mbappé wa Madrid anakimbia, kibendera juu, kaotea, yaani kashawapita mabeki kabla pasi haijapigwa, anakimbia tena, kibendera juu tena. Nikatoka pale kichwa kimevimba nikajiona na mimi Flick. Jumatatu nikawaambia madogo kupaki basi ndo mwisho, mabeki wote mpaka karibu na mstari wa kati.

Tukaenda kucheza na vijana wa Mikindani. Namba tisa wao, kijana mmoja mvuvi mwembamba kama mwiko, akajisimamia zake hatua mbili ndani ya nusu yake. Ukiwa nusu yako huotei bana, sheria ndo hivo, mi naijua ila mabeki wangu sikuwaambia! Mpira unabutuliwa, wao wananyanyua mikono kama wanaitikia dua, yule anaondoka, na kipa wetu bado kaganda mstarini. Halafu mshika kibendera tulimwokota palepale kwa watazamaji, kibendera mkono mmoja, embe mkono wa pili. Dakika ishirini tushakula tatu.

Kilichonifumbua macho ni kurudia kuangalia mechi za Barcelona kwenye simu, safari hii simwangalii beki, namwangalia mwenye mpira. Jamaa wale hawampi mtu nafasi ya kuinua kichwa, akigusa tu washamfikia wawili, kwahiyo pasi ya kupenyeza anaitoa amechelewa na mwenzake keshaotea. Mtego wa kuotea hautegwi na mabeki, unategwa na washambuliaji. Na wakikosea hata wao wanaumia, ona nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya 2025 kule Milan, Dimarco wa Inter alipora mpira, hakuna wa kumkaba, akampenyezea Dumfries, akamwekea Lautaro goli liko wazi. Inter wakapita kwa jumla ya 7-6. Halafu Inter haohao na mabeki wao watatu wakaenda fainali Munich wakapigwa 5-0 na PSG, sasa na wewe unayesema ukuta ndo kila kitu jifikirie.

Kwahiyo kama unataka kujaribu, anza na namba tisa wako, kama ni mvivu wa kukaba achana na haya mambo kabisa. Mabeki wafundishe kitu kimoja tu, adui mwenye mpira akiinamisha kichwa au akigeuza mgongo, pandeni, akiinua kichwa na hakuna wetu karibu yake, rudini mbio bila kungoja kuambiwa. Sisi tulifanya hilo zoezi wiki tatu jioni, mimi napiga filimbi wao wanapanda na kushuka mpaka wakanichukia. Na usiwavushe mstari wa kati kamwe, waache mita kumi kabla yake. Kipa asimame ukingoni mwa boksi, mchanga unapunguza kasi ya mpira kwahiyo anauwahi, wa kwangu ilibidi nimchoree mstari kwa kisigino maana kila nikigeuka karudi golini.

Kibendera usikitegemee.

Siku hizi tunafunga zaidi na tunafungwa zaidi, mi naona poa. Ila mechi iliyopita namba nne wangu alikuwa shamba kwenye korosho, nikamweka dogo ambaye hajawahi kufanya lile zoezi, nikamrudisha kila mtu nyuma tukatoka 0-0. Mzee wetu mmoja wa kamati alifurahi siku hiyo mpaka akatununulia maji katoni nzima.