Maswali ya wasomaji: Kifua kinabana, na hospitali wamesema hana kitu

SWALI: Assalaam aleikum. Binti yangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Tangu mitihani ya muhula ianze, kifua kinambana, moyo unamwenda mbio, pumzi anasema hazimtoshi na mikono inakufa ganzi. Hospitali amepimwa moyo kwa mashine, tukaambiwa hana kitu. Babake asema ni uvivu wa shule, bibi yake asema ni jicho, asomewe. Mimi naogopa asije akafa usingizini.
Mama, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Tuanze na hilo linalokunyima usingizi. Katika vijana 100 wanaofika hospitali wakilalamika kifua, wenye ugonjwa wa moyo hawafiki 5. Wengi huwa na maumivu ya misuli na mbavu, pumu, kiungulia au wasiwasi. Dalili ulizozitaja, zikija pamoja wakati wa mitihani na kipimo cha moyo kikiwa sawa, zinaelekea kwenye wasiwasi.

Lakini "hana kitu" si jibu la kumpa mtoto anayeumwa. Kipimo hakikuonyesha hitilafu ya moyo, basi. Maumivu anayo. Hofu ikimwingia, mwili humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, naye huanza kuvuta pumzi fupifupi za juu ya kifua bila kujijua. Akipumua hivyo kwa dakika kadhaa hutoa kabonidioksidi nyingi mno. Ikipungua katika damu, midomo na vidole hufa ganzi, kichwa huzunguka, na ikizidi vidole hukakamaa vikakutana kama vya mtu anayeokota chumvi. Misuli ya katikati ya mbavu nayo huchoka, ikauma. Hapo ndipo wengi hukosea: yeye ahisi hewa haimtoshi, kumbe anavuta kupita kiasi. Ukimwambia "vuta pumzi kwa nguvu" unamzidishia.

Hali ikimshika, mkalishe, alegeze nguo zinazombana. Mkono mmoja auweke kifuani, wa pili juu ya kitovu. Avute hewa kwa pua polepole huku ukihesabu mpaka 4, na mkono wa tumboni ndio uinuke, wa kifuani utulie. Atoe kwa mdomo mpaka 6. Kutoa lazima kuwe kurefu kuliko kuvuta. Aendelee kwa dakika 5, nawe uhesabu kwa sauti ya kawaida, na jamaa waliomzunguka wakimpepea watoke chumbani. Mshtuko wa namna hii hufika kilele ndani ya dakika 10 hivi, na mara nyingi huwa umeshuka kabla ya nusu saa. Ule mtindo wa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi uacheni. Ikiwa kumbe ni pumu au mapafu, mnamnyima oksijeni. Zoezi hili alifanye kila asubuhi na kabla ya kulala, akiwa mzima. Asiyelizoea hawezi kulikumbuka akishikwa.

Mbavu pia uziangalie. Kwa ncha ya kidole, bonyeza taratibu pale kila ubavu unapoungana na mfupa wa katikati ya kifua. Akisema "hapo hapo", na ni maumivu yale yale, huenda gegedu, ule mfupa mlaini unaounganisha hapo, limevimba, jambo la kawaida baada ya kikohozi kirefu au kubeba mizigo mizito. Kitambaa cha maji ya moto kwa dakika 15 na kidonge 1 cha paracetamol cha miligramu 500, si zaidi ya mara 4 kwa siku, humtosha.

Muulize, bila kumtisha, anakunywa nini akikesha na vitabu. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu lina takriban miligramu 80 za kafeini, na makopo mawili yanatosha kumfanya kijana asikie moyo ukimpiga kifuani. Muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, nao huuendesha moyo mbio. Na kama hedhi yake ni nzito, apimwe wingi wa damu, maana upungufu wake huleta dalili zinazofanana na hizi.

Kusomewa, na asomewe. Kurani ni utulivu kwake. Asinyweshwe tu dawa zisizojulikana, wala asikatizwe matibabu. Na babake umwambie kwa upole kwamba uvivu haumfanyi mtu afe ganzi mikono. Hata hivyo msimwache nyumbani kila kifua kinapobana, kwa kuwa hofu inayokimbiwa hukua. Zungumza na mwalimu wa darasa: akae karibu na mlango, aruhusiwe kutoka dakika 5 apumue, kisha arudi. Yakiendelea kwa wiki kadhaa, au akishindwa kulala na kula, ombeni mshauri nasaha hospitalini. Akitamka kwamba amechoka kuishi, msimwache peke yake na mpelekeni siku hiyo hiyo. Nambari 116, ya kuwasaidia watoto, hupigwa bure.

SWALI: Nina miaka 17, nacheza mpira. Nikikimbia kifua kinauma, na juzi nilizimia uwanjani. Wenzangu wasema ni woga wa mechi. Ni kweli?
Kijana, Malindi

JIBU: Mwanetu, usikubali. Maumivu yanayokuja ukikimbia, tena na kuzimia, hayaitwi wasiwasi mpaka moyo uchunguzwe. Usicheze tena, hata mazoezi mepesi, na nenda hospitali leo ukiwa na mtu mzima. Waeleze kama ulizimia ukiwa unakimbia au baada ya kusimama. Tofauti hiyo ni kubwa kwa daktari. Utahitaji kipimo cha umeme wa moyo na kile cha picha ya mawimbi ya sauti. Kabla ya kwenda, uliza wazee kama kuna jamaa aliyekufa ghafla kabla ya miaka 50, na kama utotoni uliwahi kuvimba viungo baada ya kuumwa koo.

Jambo moja kwa wazazi wote wa Pwani, ambako selimundu, au sikoseli, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, ni nyingi: mwenye ugonjwa huo akiumwa kifua pamoja na homa, kikohozi au kuhema, ni dharura. Mkiwa Faza au Siyu, kisiwani Pate, tafuteni mashua ya kumfikisha hospitali usiku huo huo.