Mratibu mpya wa wajitolea, anza na nauli

Umekabidhiwa wajitolea ishirini na wafanyakazi sita katika shirika la ustawi wa watoto, na mezani umekuta faili mbili. Moja imeandikwa "Mafunzo", nyingine "Motisha". Ziunganishe leo leo. Mjitolea akitoka semina huangalia nani anasifiwa na kwa lipi, na hapo ndipo anapojua shirika linataka nini hasa. Ukimfundisha siku tatu kutunza siri za watoto, halafu siku ya nne ukampa mwenzake cheti mbele ya mkutano wa mtaa kwa "kumuokoa binti wa hapa kwetu", atakayoyashika ni ya siku ya nne. Na mtaa mzima utakuwa umeshajua ni binti yupi.

Kabla ya vyeti, nauli. Mjitolea anayetumia shilingi 4,000 za bodaboda kwenda na kurudi, mara mbili kwa wiki, anatoa 32,000 kwa mwezi mfukoni mwake. Mkichelewa miezi miwili anawadai 64,000, na hatakuja kulalamika. Ataanza kuziruka nyumba za mbali kimya kimya, na huko mbali ndiko waliko watoto ambao hakuna mwingine anayewaona. Weka tarehe moja ya malipo isiyohama. Tuma kwa simu, pamoja na ya kutolea. Hii ya kutolea husahaulika kila mahali na hununisha watu kuliko kiasi chenyewe. Bodaboda hana risiti, kwa hiyo tumia fomu ya safari: tarehe, alikotoka, alikokwenda, kiasi, saini. Na iandikwe kwenye mkataba wa kujitolea kwamba hizo ni gharama anazorudishiwa, si mshahara, ili baadaye pasiwe na ubishi.

Kwenye mafunzo, utaratibu ni mchujo kwanza, kisha kanuni za maadili zisainiwe, kisha mafunzo, na fulana iwe ya mwisho. Panapokuwa na upungufu wa watu mambo hugeuka: mtu anakuja Jumatatu, anapewa fulana, Jumanne yuko na watoto. Fulana yenye nembo ya shirika inafungua milango ya nyumba za watu, kwa hiyo usimpe mtu usiyemjua. Dai barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili wasio ndugu zake, uwapigie simu wewe mwenyewe. Waulize moja kwa moja: ungemwachia wanao? Sikiliza jibu, na usikilize pia kimya kinachotangulia jibu.

Siku tatu za saa tano tano zinatosha kuanzia, kwa watu wasiozidi 20. Wakizidi hapo nusu yao hawatapata zamu ya mazoezi. Sheria ipe nusu siku tu. Kwa Tanzania, mjitolea ajue kwamba chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18, na kwamba mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki ana wajibu wa kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Amjue Afisa Ustawi wa Jamii, Dawati la Jinsia na Watoto lililopo polisi, na namba 116, simu ya msaada kwa watoto ambayo ni bure. Ajue pia kwamba mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono hasubiri kikao cha familia, kwa sababu dawa za kujikinga na VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza kinga. Yote haya yaenee karatasi moja yenye vyeo na namba za simu za kata hiyo. Kila miezi mitatu zipige namba hizo zote, maana maofisa huhamishwa na karatasi inabaki ukutani na namba iliyokufa.

Muda mkubwa uende kwenye kuigiza. Wagawe wawili wawili, mmoja awe mtoto, mwingine mjitolea, dakika kumi, kisha wabadilishane. Kosa litakalojitokeza karibu kila jozi ni swali lenye jibu ndani yake. "Mtoto" anasema, "Sitaki kurudi nyumbani." Mjitolea, kwa huruma yake, anadakia: "Baba anakupiga, eti?" Mtoto mdogo anayeongea na mtu mzima aliyemwinamia ataitikia tu. Kuanzia hapo hujui tena kilichotokea, na mbele ya hakimu maelezo hayo yanayumba. Mfundishe aseme, "Hebu niambie zaidi," kisha anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Wapime kwa saa ya simu, sekunde kumi, uone wanavyotapatapa. Kosa la pili ni ahadi: "Sitamwambia mtu." Badala yake: "Nitawaambia wale tu wanaoweza kukusaidia, na nitakueleza ni akina nani."

Baada ya kuigiza, waandike papo hapo. Utapata sentensi kama "Mtoto anaonekana ananyanyaswa na mama wa kambo." Hiyo ni hukumu, na afisa ustawi hana pa kuanzia. Irudishe mpaka isomeke hivi: "Jumatatu, saa 3:20 asubuhi, uwanja wa shule. Alama tatu nyekundu nyuma ya mguu wa kulia, chini ya goti. Nilimuuliza imekuwaje. Alisema: 'Nilichapwa na waya wa chaja.'" Maneno ya mtoto yabaki vile vile alivyoyatamka, hata kama Kiswahili chake kina makosa. Fomu ikae kwenye kabati lenye kufuli, wala isipigwe picha na kurushwa kwenye grupu la WhatsApp hata kama ni grupu la wajitolea watupu.

Semina pekee haitoshi. Ziara mbili za mwanzo mjitolea mpya aende na mzoefu, akae asikilize. Ya tatu aongoze yeye, mzoefu akimtazama. Kisha kila mwezi kaa naye ana kwa ana dakika 45. Muulize kesi zinaendaje, halafu umuulize analala vipi. Anayeanza kuwaita watoto "hawa wasumbufu", au anayempeleka mtoto nyumbani kwake "kwa siku moja tu", ameelemewa. Mpunguzie kazi kabla hajaharibu.

Sasa pongezi. Usitoe zawadi kwa idadi ya kesi zilizoripotiwa, hata mfadhili akipenda takwimu hizo. Robo mwaka ya kwanza kesi zitaongezeka, ya pili utakuta majina yanayojirudia na ugomvi wa majirani ulioandikwa kama ukatili. Pongeza unayoweza kuyaona na kuyafundisha: fomu iliyofika ndani ya saa 24, mjitolea aliyekiri kwamba aliuliza swali baya, aliyesema "hii imenizidi" akaomba msaada. Huyu wa mwisho ndiye mnayemhitaji zaidi, na mara nyingi ndiye asiyesifiwa, maana haonekani shujaa. Mwambie wiki hiyo hiyo, utaje tendo lenyewe: "Ulivyomwachia yule mtoto amalize kulia kabla ya kuuliza, ndivyo tunavyotaka." "Asante kwa kazi nzuri" haimfundishi mtu kitu.

Mbele za watu, taja sifa za mtu bila kesi. Picha za mjitolea akiwa amembeba mtoto zisitumike, hata mzazi akikubali. Aliyekubali leo huenda alidhani akikataa atakosa daftari za shule. Sherehe ya wajitolea ipangwe 5 Desemba, siku yao kimataifa. Tarehe 16 Juni iachwe, hiyo ni Siku ya Mtoto wa Afrika na wazungumzaji wawe watoto wenyewe.

Mpishi, dereva na mlinzi wa makao ya watoto waingie kwenye mafunzo yale yale, na kwenye orodha ya pongezi. Mlinzi ndiye anayejua nani hulia saa nane usiku. Mpishi anajua nani ameanza kurudisha chakula. Mkiwaacha nje, taarifa hizo zinaishia getini na jikoni.

Mjitolea anapoondoka, chukua kitambulisho, fulana na funguo siku hiyo hiyo, umkabidhi barua. Barua ya mistari miwili haimsaidii popote. Andika miezi aliyotumikia, saa alizojitolea, mada alizofundishwa na majukumu aliyoyabeba, bila kutaja mtoto yeyote. Uisaini na kuigonga muhuri kabla hajaanza kuifuatilia, kwa sababu wengi wao wanatafuta ajira na tarehe ya mwisho ya kutuma maombi huwa ni kesho.