Atlasi ya ramani na atlasi ya kitambaa

SWALI: Nafundisha jiografia. Juzi mwanafunzi alinikwamisha mbele ya darasa zima: mbona kitabu cha ramani ni atlasi, na kile kitambaa chororo nacho ni atlasi? Nilimwahidi jibu wiki ijayo. Nisaidie nisiumbuke.

JIBU: Mwalimu mwenzangu, kitambaa tukimalize upesi. Hicho kimetoka kwenye Kiarabu, kwa neno lenye maana ya kitu laini. Hakina udugu na kitabu. Ni kama kaa la moto na kaa wa baharini.

Kitabu ndicho chenye kisa. Atlas alikuwa mmoja wa Watitani, miungu wa Wagiriki waliomtangulia Zeus. Walipigana na Zeus wakashindwa, naye Atlas akahukumiwa kuibeba mbingu. Nasema mbingu, si dunia! Mimi mwenyewe nilifundisha miaka mingi kwamba alibeba dunia, hadi nilipoitazama vizuri picha ya sanamu yake iliyoko Naples, Italia. Lile tufe mabegani mwake limechongwa makundi ya nyota, wala halina bara hata moja. Wanafunzi wangu wa zamani mnisamehe.

Aliyelitia jina hilo kitabuni ni Gerardus Mercator, mchora ramani. Alifariki mwaka 1594, na kazi yake kubwa ikachapishwa mwaka uliofuata huko Duisburg, Ujerumani, ikiitwa *Atlas*. Ajabu ni kwamba hakuwa akimtaja yule mfungwa wa Zeus. Alimkusudia Atlas mwingine, mfalme wa Mauretania ya kale, kule Afrika Kaskazini, ambaye masimulizi yalimsifu kwa elimu ya nyota na kwa kutengeneza tufe la kwanza la anga. Lakini watu walishampenda yule mbeba mzigo, wakamganda.

Kabla ya Mercator, mwaka 1570, Abraham Ortelius alitoa kitabu cha ramani cha namna hiyohiyo, akakiita *Theatrum*. Lingeshika hilo, leo ungewaambia wanafunzi wafungue thieta zao.

Bahari ya Atlantiki nayo imepata jina kwa Atlas yule mbeba mbingu. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, alishalitumia karne ya 5 kabla ya Kristo. Na madaktari huita atlasi ile pingili ya juu kabisa ya shingo, inayobeba fuvu. Kwa hiyo akija mwanafunzi aliyesahau kitabu nyumbani, mwambie atlasi anayo.