Mkuu, usioshe hiyo sponji bombani!

Mleta uzi, simama kwanza. Unasema tangi lako la samaki wa mapambo la lita 80 lina wiki tatu, na muuzaji kakuambia kila Jumapili umwage maji yote, usugue vioo, uoshe sponji ya filta bombani mpaka itakate. Halafu unauliza ulishe nini, mara ngapi, kama unaweza kuchanganya vifaranga vya sato, na kama huku Mwanza tunahitaji hita. Chakula nitakigusa mwishoni, sato na hita vitasubiri. Hiyo Jumapili ndiyo itakayokuulia samaki, kama ilivyoniulia mimi 14.

Mwaka 2019 nilikuwa Kirumba, nina tangi la lita 120, na samaki wadogo wa mapambo, gapi kumi na moli wanne. Nilipewa maelekezo hayo hayo, nikayafuata kama dawa ya daktari. Jumapili jioni tangi linang'aa. Jumanne asubuhi wawili wako juu wanatweta, midomo nje ya maji, matamvua mekundu. Jumatano nawaopoa. Nikampigia muuzaji, akasema maji ni machafu, osha zaidi. Nikaanza kuosha mara mbili kwa wiki, wakazidi kufa. Akaniuzia dawa ya bluu ya matone, nikatia, hali ikawa mbaya zaidi. Binti yangu akaacha kuwapa majina.

Aliyenifumbua macho ni kijana aliyesoma uvuvi Nyegezi. Hakuuliza chakula wala ugonjwa, aliuliza tu: "Sponji unaoshea wapi?"

Ndiyo hivi, mkuu. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Ndani ya sponji huota bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao huchukua wiki nne mpaka sita kujijenga. Maji ya bomba yana klorini, na klorini imewekwa humo makusudi kuua bakteria. Kwa hiyo kila Jumapili nilikuwa nawaua, na kila Jumatatu samaki wanaanza kuogelea kwenye sumu yao wenyewe. Ile dawa ya bluu nayo inaweza kuwaua bakteria hao hao!

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba yule muuzaji alijua. Nilirudi dukani kwake nikamkuta anakamua sponji zake kwenye ndoo ya maji ya tangi, taratibu, maji yenyewe machafu kiasi. Yeye samaki wake hawafi. Wa kwangu wakifa, narudi kununua wengine.

Fanya hivi: chota maji ya tangi kwenye ndoo, kamua sponji humo mara mbili tatu, irudishe ikiwa bado na rangi ya kahawia. Usiitamani nyeupe. Badilisha robo tu ya maji kwa wiki, na maji mapya yakae kwenye ndoo wazi saa 24 klorini itoke. Umeme ukikatika muda mrefu, usiwalishe kabisa, na koroga maji kwa kikombe yapate hewa.

Chakula: kidogo wanachomaliza ndani ya dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Dagaa wa soko la Mwaloni waliosagwa wanafaa kama hawana mchanga wala chumvi. Kinachobaki chini kitoe, maana kikioza ni amonia ileile.

Kama Jumapili iliyopita umeshaiosha hiyo sponji, leo usiwape chakula. Toa robo ya maji leo, robo kesho, robo keshokutwa, kwa maji yaliyolala, pampu ya hewa iwake usiku na mchana. Kisha andika hapa wanapumuaje, na kama wako juu au chini.